Sura ya Saba: Jicho Katika Chumba cha Kushonea

Fundi wa kompyuta alikuwa anatetemeka hata kabla hajaulizwa chochote, na Inspekta hakupenda hilo hata kidogo. Wenye makosa mazito, kwa alivyowazoea, huja wamejipanga, majibu yamepigwa pasi. Anayetetemeka aghalabu ni yule ambaye hajawahi kuketi mbele ya polisi. Lakini huyu ndiye aliyeitia mkono kompyuta ya mshonaji, na tangu asubuhi Inspekta hakuwa amepata mtu mwingine wa kumshika shati.

Shauri lenyewe lilikuwa la haraka, tena la aibu. Asubuhi hiyo bibi harusi mtarajiwa alifika kituoni na shangazi yake, macho yamemvimba kwa kulia. Ndani ya simu yake kulikuwa na picha: yeye mwenyewe, amevaa shimizi, mikono juu, anapimwa kiuno. Chini ya picha kulikuwa na maneno machache. Ajipige nyingine mwenyewe, za kuzidi hiyo, azitume kabla jua halijazama. La sivyo, hiyo aliyonayo mtumaji ingeingia kwenye kundi la simu la familia ya mchumba wake, ambamo babu na bibi wa watu walikuwemo. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mahali pekee alipowahi kusimama hivyo ni kwa mshonaji wake, Mama Lesi, na mle chumbani, aliapa, hakuna aliyeshika kamera wala simu.

Wenzake kituoni walimwita Inspekta "Taratibu", kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mwanamke yule akikimbia. Leo angekimbia, kama angejua wapi.

"Kompyuta ya Mama Lesi uliitengeneza lini?" aliuliza.

"Mwaka jana, afande." Fundi alisogeza bisibisi kutoka huku kwenda kule juu ya meza yake iliyojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. "Ilikuwa imejaa virusi. Alikuwa akipata ujumbe wowote unaosema bonyeza hapa, anabonyeza. Nilifuta kila kitu nikaipanga upya."

"Na neno la siri ukaliweka wewe."

"Niliweka mimi. Refu. Akanilalamikia wiki nzima kwamba namtesa mtu mzima."

"Kwa hiyo unalijua."

"Nalijua la wakati ule. La sasa silijui, lilibadilishwa."

"Na nani?"

"Binti yake, yule muuguzi aliyeolewa mji wa pili. Alikuja likizo akaweka programu ya kusaidiana. Yaani yeye akiwa kwake anaweza kuingia kwenye kompyuta ya mama yake, akasogeza kipanya, akafungua mafaili, akawasha kamera, mama amekaa tu anatazama."

Inspekta aliacha kuandika. "Mbona hukulisema hili mwanzo?"

"Hukuuliza, afande. Umeniuliza kama nina picha za wanawake. Nimekwambia sina, na koplo wako ameshapekua mashine zangu zote mpaka ya mtoto wangu ya kuchezea."

Hilo lilikuwa kweli, na koplo hakuambulia kitu. Inspekta akalipa jambo lile jina la kazi: mlango. "Programu hiyo ina ubaya gani?"

"Haina ubaya ukiitumia kwa adabu. Unaiwasha mkisaidiana, mkimaliza unaizima, na kila mara inakuuliza kama unamkubali anayeingia. Ya kwao imepangwa ijiwashe yenyewe kompyuta ikiwaka, na isimuulize mtu. Nilipoiona nikamwambia, mama, hapa umeacha wazi. Akanijibu, yule nimemzaa mwenyewe, nimfungie mlango? Sasa mimi ningesema nini?"

Inspekta akamwonyesha picha, amefunika mwili wa msichana kwa kadi, zimebaki pembe tu. Pembezoni mwa picha kulikuwa na ukungu mweupe, duara zima, wenye vinyuzinyuzi. "Hiki nini?"

Fundi aliitazama kwa muda. "Kamera chafu," alisema, lakini hakuonekana kujiamini.

Nje, Inspekta alimpigia koplo aliyebaki kituoni na bibi harusi. Ujumbe mpya ulikuwa umeingia: jua linakwenda. Akamwambia koplo asijibu, binti asijibu, na shangazi anyang'anywe simu maana alikuwa ameshaanza kuandika matusi.

*

Nyumba ya Mama Lesi ilikuwa na milango miwili ya mbele, wa chuma na wa mbao, na makufuli yasiyo na mzaha. Inspekta alifika na kitambaa kwapani, nguo za kiraia, sauti ya mteja. Alibisha hodi akakaribishwa na mwanamke mnene, mchangamfu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni na pini zimejipanga kwenye kola.

"Pita mwanangu, pita. Usijali vitambaa, hapa hata paka akilala sana namshonea."

Hakuwa anatania sana. Friji ilikuwa na lesi. Redio ilikuwa na lesi. Kile kiboksi cha intaneti kilichopigiliwa ukutani kwenye ujia kilikuwa kimevalishwa kijisketi cha lesi chenye marinda. Inspekta akakifunua kidogo alipokuwa anapita. Kitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa upesi upesi, bila kupumzika, kwa namna kinavyopepesa mtu anapotuma picha nyingi. Upande wa chini, karatasi ya kiwandani bado ilikuwa imebandikwa, na neno la siri la kiwandani juu yake.

"Kuna mtu anatumia kompyuta, mama?"

"Nani? Niko peke yangu leo. Imewaka tu, nafungulia mitindo na namba za wateja."

Akaingia chumba cha kushonea, na hapo Inspekta akajilazimisha kutazama kila kitu isipokuwa kile alichokijia. Kioo kirefu. Cherehani ya umeme. Meza ya kukatia. Simu ya mwenye nyumba imeegemezwa kwenye cherehani. Halafu, kwa kupitisha jicho tu, kompyuta pembeni, imevalishwa koti zuri jeupe lililofunika fremu yote ya kioo chake. Juu, katikati, palipo na kamera, Mama Lesi alikuwa ametoboa tundu la kifungo na kulipiga uzi kuzunguka, kazi safi ya mkono. Vinyuzi viwili vitatu vilichomoza.

Ule ukungu mweupe ndio huo. Na kamera ya namna ile ina kitaa kidogo ubavuni kinachowaka kila inapotazama, ili mwenye nyumba ajue. Kitaa kilikuwa chini ya lesi. Muda wote huo kilikuwa kinawaka na kuzima humo ndani, kinamwonya mwanamke huyu, na hakuna aliyekiona.

Inspekta hakuweza kusema neno mle ndani, kwa kuwa aliyekuwa na jicho alikuwa na sikio vilevile.

"Mama, naomba maji ya kunywa kwanza."

Jikoni alifunga mlango, akafungua bomba limwage maji kwa kelele, akatoa kitambulisho. Akamwambia yote kwa sauti ya chini. Hakumficha lolote, maana hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu.

Mama Lesi alisikiliza glasi ikiwa mkononi. Mwanzoni alikataa kwa kichwa. Kisha akaonyeshwa picha, akamtambua msichana, akatambua shimizi, akatambua mkono wake mwenyewe wenye pete ukivuta futi. Akaweka glasi chini.

"Wanawake wananivulia kwa sababu ni mimi," alisema. "Kuna mke wa imamu. Kuna mwalimu mkuu wa wasichana. Nilipofiwa na watoto wawili, walikuja kulia nami mle mle chumbani." Hasira ikampanda usoni. "Naenda kuing'oa waya sasa hivi."

Inspekta alisimama mlangoni. "Ukiing'oa, utakuwa umemwambia kwamba tunajua. Atazirusha picha zote kwa dakika moja, halafu atafuta zilizobaki, na mimi sitakuwa na la kumpeleka nalo mahakamani. Nataka akutwe kwenye kiti, mashine yake imefunguka. Sasa niambie, nani anaingia kwenye kompyuta yako?"

"Binti yangu peke yake. Neno la siri tunalijua sisi wawili."

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo alipoyasikia. Akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Mwanangu hawezi," alisema. "Yule anazalisha watu. Hawezi, afande."

Inspekta aliitazama tena picha. Katika cherehani nyuma ya msichana, simu ya Mama Lesi ilikuwa imeegemezwa, kioo chake kinawaka. Na msichana alikuwa anacheka, jambo lililokuwa limemkera Inspekta tangu asubuhi, maana kwenye picha ya namna ile hakikuwemo cha kuchekesha.

"Picha hii ni ya jana mchana. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na yeye, binti yangu. Tulionana kwa video, yuko wodini na sare zake. Kuna mama alikuwa karibu kujifungua, mara akamgeukia akamwambia, sukuma dada, sukuma. Bibi harusi akafa kwa kicheko, akasema hata yeye amesukuma."

"Uliiona wodi kwa macho yako?"

"Niliiona. Vitanda, pazia, muuguzi mwenzake akanisalimia."

"Basi wakati picha inapigwa yeye alikuwa kazini na mikono yake imo kazini. Kompyuta anayoitumia kuingia kwako iko wapi?"

"Kwao."

"Na kwao nani anabaki?"

Maji ya bomba yalikuwa yanaendelea kumwagika. Mama Lesi akafumba macho.

"Mkwe wangu hatoki," alisema hatimaye. "Anafanyia kazi nyumbani. Ni kijana mzuri sana, ananiita mama kuliko hata mwanangu anavyoniita. Yeye ndiye aliyemwambia mke wake tuiweke ile programu, nisihangaike na mafundi." Akafumbua macho. "Nilimshukuru. Nikamwombea dua."

Inspekta alikuwa ameshapiga simu. Katika ule mji wa pili alikuwa na sajini mmoja aliyefanya naye kazi zamani, mtu wa kutegemewa. Alimpa anwani kutoka kinywani mwa Mama Lesi. Sajini akasema anakimbilia kibali kwa hakimu, kisha anakwenda, ila alitaka jambo moja: mtu huyo abaki ameingia. Akitoka kwenye programu na kufunga mashine yake, watakuta kijana mpole anayekunywa chai.

"Mke wake yuko zamu?" aliuliza sajini, na Inspekta akamsogezea Mama Lesi simu.

"Zamu ya mchana," Mama Lesi alijibu. "Kurudi ni jioni."

"Vizuri," Inspekta alisema. Akamgeukia. "Mama, itabidi unipime gauni."

*

Waliporudi chumbani Inspekta alisimama mahali pale pale aliposimama bibi harusi, mlango wa ujiani umeachwa wazi. Kutoka hapo alikiona kiboksi cha intaneti, kijisketi chake amekipandisha, kitaa kimetulia sasa. Simu yake aliilaza kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya usawa wa kamera.

"Vua koti, mwanangu," alisema Mama Lesi. Sauti ilikuwa kavu, akakohoa kidogo kuirekebisha. "Mteja akiniletea nguo ya kubana, mimi simpimi juu ya koti."

Inspekta alivua koti taratibu, akaanza vifungo vya blauzi kwa uvivu, kimoja baada ya kingine. Ndani alikuwa na fulana. Alijichukia kwa kusimama vile, na alimchukia zaidi yule aliyemlazimisha.

Kitaa ujiani kikaanza kupepesa.

Inspekta akakohoa, ishara waliyopatana. Mikono ya Mama Lesi ikasita kiunoni mwake. Pini moja ikamchoma Inspekta ubavuni, akajikaza asipige kelele.

"Umesikia mambo ya yule bibi harusi wangu?" Mama Lesi akasema, kama walivyokubaliana jikoni. "Wamesogeza harusi. Sasa ni kesho. Gauni lenyewe nalimalizia leo, wananiua hawa watu."

"Kesho? Makubwa hayo," Inspekta akajibu.

Wakaendelea na mabega, na mikono, na urefu wa mgongo. Simu ikatetemeka dirishani. Inspekta akapinda shingo mpaka akasoma maneno ya koplo: *Ameandika. Anasema hata iwe kesho, hana shida, yeye saa ni ile ile.*

Kwa hiyo alikuwa anasikia, hapo hapo, kila neno. Inspekta akashusha pumzi polepole. Nje mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano juu ya kuta za jirani, na sajini alikuwa bado kimya.

"Geuka," alisema Mama Lesi. "Tena. Mimi mtu akinitaka gauni zuri namsumbua." Alikuwa amepata sauti yake, na ilikuwa sauti ya ubishi. Alimpima tena kiuno alichokwisha kukipima, akapiga umbea wa bei za uzi, akasimulia mteja aliyenenepa katikati ya kazi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni lakini mdomo haukuacha. Inspekta alimstahi sana wakati ule.

Simu ikatetemeka: *Kibali tayari. Tuko mtaani kwake.*

Muda kidogo baadaye simu nyingine ikalia, ya Mama Lesi, kwenye cherehani. Kiooni palionekana picha ya msichana mwenye sare za uuguzi.

Wote wawili wakaitazama. Asipoipokea, aliye kwenye kamera angejiuliza kwa nini mama hapokei simu ya mwanawe. Mama Lesi akaipokea, akaiweka sikioni, na Inspekta, aliyekuwa karibu, akasikia kila neno.

"Mama, uko salama? Nimebadilishana zamu, nilikuwa nimelala. Kuna watu wanagonga mlangoni, wanasema polisi. Mume wangu amejifungia kwenye chumba chake, ameweka vitu masikioni hasikii. Ngoja nimwite."

Mama Lesi akaanza kwenda ujiani, simu sikioni, akapotelea upande wa jikoni.

Inspekta hakuweza kumfuata. Akimfuata blauzi wazi, mbio, jicho lingejua. Hakuweza hata kuita. Mlango ulikuwa wazi, na chochote ambacho mwanamke yule angemwambia binti yake kingesikika mpaka kwenye kompyuta. Akatazama huku na huku, akaketi mbele ya cherehani.

"Mashine nzuri hii, mama," alisema kwa sauti kubwa. "Naijaribu kidogo."

Akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma, sindano ikashuka na kupanda juu ya kipande cha kitambaa, na kelele ikajaa chumba. Sasa yule kijana hakusikia kitu. Wala Inspekta hakusikia kitu. Kule jikoni mama alikuwa anazungumza na mwanawe kuhusu mkwe aliyempenda, na neno moja tu lilitosha: mwite. Inspekta hakumjua mwanamke yule ila tangu mchana. Alikuwa ameweka aibu ya msichana wa watu, na ya wanawake wengine wote waliovua nguo mle ndani, kwenye mikono ya mtu ambaye angepoteza kwa vyovyote vile. Akaendelea kukanyaga, macho kwenye kitaa.

Kitaa kilipepesa. Kikaendelea kupepesa. Kisha kikatulia.

Akatoa mguu kwenye pedali. Kutulia kwa kitaa kulikuwa na maana mbili, ama kijana ametiwa pingu, ama ameonywa na sasa yuko mbioni kufuta kila kitu. Aliingoja simu yake iliyo dirishani, mkono umeshaiegemea, na haikutetemeka. Akahesabu mapigo ya moyo wake kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya.

Ikatetemeka. Sajini: *Tumemkuta kwenye kiti, hakutusikia tukiingia. Kila kitu kimefunguka. Ya bibi harusi haijatumwa kokote. Ila, Taratibu, ziko nyingi mno humu.*

Inspekta alifunga vifungo vya blauzi. Alimwandikia koplo amwambie msichana na shangazi yake kwamba wanaweza kwenda nyumbani. Kisha akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

Mama Lesi alirudi akitembea kwa kushika ukuta. Simu ilikuwa mkononi, haijakatwa, na sauti ya binti yake ilisikika ndogo na wazi.

"Mama. Uliniambia nifungue, nisimwite. Ulijua wamemfuata yeye?"

Mama Lesi akamtazama Inspekta, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Nilijua, mwanangu."

"Na umejua kwa nini?"

"Nimejua. Njoo nikueleze, au nikueleze sasa, upendavyo wewe."

Kwa mbali, nyuma ya sauti, wanaume walikuwa wanapeana maagizo, kitu kizito kikaburutwa sakafuni. Mama Lesi aliketi kwenye kigoda cha wateja, simu ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Mama," alisema binti. "Njoo wewe. Njoo leo leo, siwezi kulala humu."

"Natoka sasa hivi," alisema Mama Lesi, akainuka kutafuta viatu.